Nyumba Waliyoiita ya Kukosa Damu

Bwana asifiwe, ninyi vijana! Mkijibu Amina, jibuni kwa sauti, halafu mnyamaze mnisome. Mlikuja kwangu mkasema, Koko, bibi yetu, utuandikie ushuhuda wako, maana siku ile kanisani mvua ilikuwa inapiga mabati na sisi wa nyuma hatukusikia kitu. Haya, nimeandika. Mimi shule niliishia kwenye kusoma Biblia na kutia jina langu. Kiswahili changu kizuri ni cha Biblia, kile kingine ni cha soko la Baraka. Mtavumilia vyote viwili, na msiniletee mtu wa kusahihisha.

Mimi ni Mama Asukulu wa hapa Lweba, kando ya ziwa, ng'ambo ya Burundi. Ni mjane, ninalima muhogo na kukamua mawese, na nikisimama kanisani wengi mnaogopa kwa sababu sicheki ovyo. Leo sitawachekea pia. Nataka mjue jinsi Bwana alivyoitoa nyumba yangu katika jina baya. Walituita nyumba ya kukosa damu.

Ndugu zangu, neno hilo mnalijua. Mtoto akiwa na viganja vyeupe, macho ya manjano, anachoka kabla ya kucheza, sisi tunasema, anakosa damu. Basi mtu akikosa kitu unamtafutia kitu. Akikosa chumvi, unampa chumvi. Na sisi mtoto akikosa damu tulimtafutia vyekundu. Tulichemsha matembele mpaka maji yakawa kama divai ya meza ya Bwana. Tulimnywesha mawese kijiko kwa kijiko. Lengalenga nyekundu, ule mchicha wetu, ilipandwa nyuma ya nyumba yangu kwa kazi hiyo tu. Mtoto alipata nguvu kidogo, sisi tukamshukuru Mungu, kisha alirudi pale pale. Nililea watoto wangu hivyo. Wengine walikuja kabla ya Asukulu na wengine baada yake, na ni yeye peke yake aliyebaki. Wale wengine niliwazika bila kujua jina la kitu kilichowaua. Mtu akiniuliza, nilijibu lile lile, walikosa damu.

Asukulu akakua, akawa mvuvi, akaoa Goreti. Goreti wazazi wake ni wakimbizi wa Burundi, walikuja na watoto na majembe, wakapewa kipande cha kulima. Asukulu alimkuta sokoni anauza maharagwe. Wakazaa binti, tukamwita Furaha.

Furaha alipoanza kukaa mwenyewe, siku moja mikono yake ilijaa, na miguu ikajaa. Ilijaa vizuri, ngozi inang'aa. Wifi yangu Tabita, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa uani kwangu, alikamata vile vikono akacheka kwa furaha.

"Angalia vile ananona! Huyu atalima kushinda baba yake!"

Mtoto akapiga ukelele. Tukasema ana madeko. Ndugu zangu, mtoto alikuwa anaumwa mpaka ndani ya mifupa, na sisi tulikuwa tunafurahia unono wake! Hakuna aliyejua. Hata wale waliokuja kumwona walituletea sukari kwa kutupongeza. Baadaye homa ikampata, tukarudi kwenye matembele na mawese, tukaomba, tukakesha. Kabla hajajua kutembea, tulimzika.

Ndipo maneno yakaanza. Tabita ni mtu mwema, anaomba kuliko mimi, lakini mdomo wake haujaokoka bado. Alikaa mlangoni anachambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Mi sisemi kitu. Mi nasema tu, mabinti ba kwetu balikuwa mingi mpaka Lubondja. Asukulu akaenda kuoa damu ya wageni."

Goreti alikuwa anaosha sahani. Aliendelea kuosha. Nilitoka nikamwambia Tabita, "Na bale bangu, ni Goreti alibazaa?" Lakini neno lilikwisha kuruka ukuta. Kisimani waliongea, kwenye mashua waliongea. Watoto wangu walizikwa Goreti hajazaliwa, lakini watu husahau makaburi ya zamani wakipata mtu mpya wa kusema. Hata Asukulu alianza kurudi kutoka ziwani kichwa chini. Wajomba zake walimwambia, Goreti akizaa tena mtoto wa hivyo, mrudishe kwao.

Wakati huo mimba ya pili ilikuwa tumboni.

Kwa hiyo mjue tulichobeba siku tuliyokwenda maternite, nyumba ya kuzalia. Tulibeba maji, vitenge na sabuni, lakini tulibeba pia hilo. Mtoto huyu akifa, mama yake hana nyumba.

Bwana ni mwema. Mtoto alizaliwa vizuri, mwanamume, analia kama anayedai deni lake. Mkunga wa pale namwita Mama Sofia. Ni mwanamke mfupi, anatembea haraka, hapendi kelele. Asubuhi yake alikuja na kisanduku kidogo.

"Mama ya mutoto," alimwambia Goreti, "balituletea kipimo mupya. Tunatoboa kidogo ku kisigino, tunakamata tone moja ya damu, tunaangalia kama mutoto alizaliwa na ugonjwa ya damu. Ni ya batoto bote benye banazaliwa hapa, haiko yenu tu."

Tabita aliruka kutoka kwenye mkeka. Kwetu, katika nyumba yetu, mtoto hapewi jina mpaka kitovu kianguke, na mpaka siku hiyo hakuna kitu chake kinachotolewa nje. Hata maji ya kumwogesha yanamwagwa ndani ya ua. Damu, je?

"Damu ya mutoto itoke inje, kitovu haiyaanguka? Hana hata jina! Munaenda kumutafutia ugonjwa, na mukiutafuta mutaupata!"

Mama Sofia hakukasirika. "Mama Tabita, kama haiko, kipimo haitaiweka."

"Na kama iko?"

"Kama iko, iko tangu tumboni. Ni siye tu tulikuwa hatuijue."

Watu wote waliniangalia mimi, maana mimi ndiye mkubwa. Lakini mwenye neno alikuwa mwenye mtoto. Goreti, ambaye hakuwahi kumjibu Tabita hata mara moja tangu aingie nyumba yetu, alifunua mguu wa mtoto ndani ya kitenge akauinua.

"Mama Sofia, toboa."

Basi. Neno moja! Nimesikia wahubiri wakubwa wakihubiri mpaka jasho linalowanisha koti, lakini neno lililotikisa nyumba yangu ni lile. Mimi nikashika mguu usitetemeke. Mama Sofia alipasha kisigino joto kwa mkono wake, akatoboa, mtoto akalia, tone likatoka. Dogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Akalinywesha kikaratasi, akakitia ndani ya kichupa cha maji, kisha akaweka kikaratasi kingine chembamba. Tukasubiri kidogo tu, muda ambao hata ugali hauivi.

Aliangalia. Akaangalia tena. Halafu akavuta kiti akaketi karibu na Goreti, na mimi nilipoona mkunga anavuta kiti, nilijua.

Ugonjwa unaitwa SS, ule ambao wengine huuita selimundu. Mama Sofia alishika kifungo cha shati la Asukulu, aliyekuwa amesimama pembeni, akakipitisha kwenye tundu lake, akasema, "Damu ya muntu iko na vitu vidogo vya mviringo kama hii kifungo. Vinapita mahali pote bila shida. Ya huyu mutoto vingine vinajikunja kama mwezi mwembamba. Kifungo yenye kujikunja, itapita mu tundu? Inakwama. Penye inakwama, mutoto anaumwa. Na vinavunjika mbio, ndiyo munaona mutoto anakuwa mweupe."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo hakosi damu?"

"Damu iko, mama. Ni umbo yake."

Ndugu zangu! Miaka yote nilikuwa ninajaza mtungi, kumbe hitaji lake halikuwa kujazwa. Niliikumbuka ile lengalenga nyuma ya nyumba. Nikaikumbuka mikono ya Furaha inayong'aa.

Goreti hakulia. Aliuliza tu, "Sasa tunafanya nini?"

Sikilizeni vizuri, enyi mabinti. Mwingine angeuliza, nani ameniroga? Mwingine angeuliza, kwa nini mimi? Yeye aliuliza kazi. Siku hiyo nilijua mwanangu ameoa mtu.

Lakini Tabita alikuwa bado pale. "Si nilisema? Damu ya wageni."

Mama Sofia akamgeukia polepole. "Hapana, mama. Huu ugonjwa hautoke upande moja. Mutoto anapata herufi moja kwa baba, moja kwa mama. Mama peke yake hawezi kumupatia zote mbili." Akamwita Asukulu alete kidole. Asukulu akaleta. Ikaonekana anabeba S moja. Goreti naye anabeba moja. Wote wawili wazima kabisa, hawajaumwa siku hata moja, na kila mmoja amebeba bila kujua.

Nikatoa kidole changu mimi mwenyewe. Hakuna aliyeniomba. Nilisema, "Nipimwe na mimi, nataka kujua bale bangu balikufa na nini."

Mama Sofia akaangalia karatasi yangu. "Mama Asukulu, na wewe unabeba."

Niliketi chini. Si kwa huzuni. Niliketi kwa sababu kitu nilichobeba mgongoni tangu ujana kiliondoka, na mwili ulikuwa umezoea uzito wake. Mama Sofia alisema hawezi kuwapima walio kaburini, lakini kwa maneno yangu anaona ulikuwa ni ule ule, na kwamba marehemu mume wangu lazima alibeba yake pia. Kumbe haikuwa laana! Haikuwa jirani, haikuwa jicho la mtu, haikuwa binti wa Burundi. Ilikuwa hapa hapa kwetu kabla maji ya ziwa hayajamvusha mtu yeyote.

"Mama Tabita, na weye tupime?" Mama Sofia akauliza.

Tabita akaficha vidole vyake ndani ya kitenge. Hapo nilicheka, na walioniona watawaambia kwamba ni kweli.

Damu nyingine kidogo ilitumwa kwenye labo kubwa ya kupimia damu ili wahakikishe, na jibu likarudi lile lile. Basi tukaanza kazi. Kitovu kilipoanguka tulimwita mtoto Wilondja. Alipofika umri ule waliosema, alianza dawa ya asubuhi na jioni ya kumkinga na homa mbaya, na kidonge cha kusaidia damu, na sindano zote za watoto bila kuruka hata moja. Chandarua kila siku. Maji mengi, maana damu ya namna ile ikikauka inakwama zaidi. Na homa ikija, hakuna kusubiri, hakuna matembele, ni kwa waganga wa hospitali moja kwa moja. Mama Sofia alimfundisha Goreti pia kupapasa bandama, hapa chini ya mbavu za kushoto, kila anapomwogesha, ili mkono wake uijue ikiwa nzima. Nilimwona Goreti anafanya hivyo kila asubuhi anaimba wimbo wa kwao, vidole vinapita polepole. Mpishi hajui chungu chake vile alivyojua tumbo la yule mtoto.

Walikuja pia wa kutujaribu. Ndugu mmoja wa kwetu kanisani alisema, mmekwisha kumwombea, kama mna imani acheni dawa. Nikamwuliza, "We unaamini Mungu anachunga nyumba yako?" Akasema ndiyo, sana. Nikamwambia, "Basi toa kufuli ku mulango." Hajarudi kwa neno hilo tena.

Sasa sikieni tukio lenyewe. Wilondja alikuwa ametembea tayari, mtundu, anafukuza kuku. Asubuhi moja Goreti alimtia kwenye beseni, akapitisha mkono, akasimamisha wimbo katikati. Niliinua kichwa kwa sababu ya kile kimya.

"Mama, bandama imevimba. Jana haikuwa hivi."

Nikaja nikaangalia. Midomo ya mtoto ilikuwa nyeupe kama majivu na hakutaka kusimama. Tabita akasema tungoje kwanza, pengine ni minyoo, achemshe kitu. Goreti alikuwa amekwisha kumfunga mgongoni. Asukulu alikuwa ziwani. Tukachukua pikipiki, mimi nyuma, Goreti katikati, na Tabita, sijui alipandaje pikipiki ya pili, lakini alipanda. Barabara ilikuwa tope tupu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walitusimamisha, Goreti akawageuzia mgongo wayaone macho ya mtoto, wakainua kamba bila kuomba kitu. Hilo nalo nalihesabu kuwa ni mkono wa Bwana!

Tulipofika hospitali ya Baraka, Goreti hakusema "mutoto anakosa damu". Angesema hivyo, wangeanza kutafuta tangu mwanzo. Alisema, "Mutoto yangu ni SS, balimupima akiwa muchanga. Bandama imevimba leo asubuhi." Ndugu zangu, niliona wale waganga wanakimbia! Maneno yake yalifungua milango. Walieleza baadaye kwamba damu yote ilikuwa imekwenda kujificha ndani ya bandama, na kwamba mtoto wa namna hiyo, mkichelewa mpaka jioni, mnarudi na maiti. Furaha wangu tulimchelewesha siku ngapi? Hatukujua. Huyu mama yake alijua, kwa sababu ya tone moja la kisigino.

Mfuko wa damu ulikuwapo. Walipoutundika, Tabita alisimama karibu anautazama ukidondoka. Akamvuta mganga kwa koti.

"Papa, hii damu ni ya nani?"

"Ya muntu, mama."

"Muntu wa wapi? Wa kwetu, ao mugeni?"

Yule kijana akamtazama kama asiyeelewa swali. "Mama, iko na kundi yake tu. Jina ya nyumbani kwao haiandikwake."

Tabita akakaa kwenye benchi karibu na Goreti. Midomo ya Wilondja ilianza kurudisha rangi yake. Kabla ya jua kuzama aliomba maji. Ndipo Tabita alichukua khanga yake mpya ya kanisani akamfunika Goreti mabegani, maana ilikuwa baridi na yule binti alikuwa ametoka na nguo iliyolowa ya kuogeshea.

Bwana asifiwe! Sitasema uongo mbele zenu. Wilondja hajaponywa ugonjwa. Bado ni SS, bado kuna siku analia miguu, na tunampa dawa na maji ya moto na kumkumbatia. Siku niliyoshuhudia kanisani, nilipofika hapo Amina zilipungua. Walitaka niseme umekwisha kabisa. Mimi nasema Bwana ameniokoa na kutokujua. Ameniokoa na uongo uliokaa nyumbani mwangu ukala watoto wangu, na ukataka kunifukuzia mkwe aliye bora kuliko wote. Mtoto yu hai! Anafukuza kuku! Na mama yake anapita kisimani kichwa juu.

Namshukuru Mungu aliyeweka akili ndani ya watu wakavumbua kitu cha kusoma damu ya mtoto ambaye hajapewa hata jina. Namshukuru kwa Mama Sofia na kile kiti alichokivuta. Namshukuru kwa yule mtu nisiyemjua aliyetoa damu yake. Popote alipo, Nundu au ng'ambo ya ziwa, Bwana amrudishie. Na ninyi vijana, msiogope. Mnaotaka kuoana, nendeni mkapimwe mjue mnabeba nini. Mnaozaa, ombeni kipimo, na kama hakijafika maternite yenu, ulizeni mpaka wachoke na ninyi. Mtegemeeni Bwana na mtoe kisigino. Hayagombani, hayo mawili.

Namaliza na yale niliyowaambia watu wa nyumba yangu siku tuliyorudi kutoka Baraka. Asukulu alikuwa amesimama uani na nyavu mkononi, analia kama mtoto, wajomba zake wamekuja, majirani wamejaa. Sikuwaacha waketi kwanza. Nilisema:

"Kuanzia leo, mutoto wa hii nyumba hatapewa jina kama kisigino yake haiyapimwa, hata kitovu ianguke. Neno 'kukosa damu' sitaki kuisikia tena hapa. Mwenye iko na ya kusema juu ya damu ya wageni, aende asemee Baraka, mbele ya ule mufuko. Asukulu, acha kulia, ingiza bibi yako mu nyumba. Na weye, Tabita, lete maji ya Wilondja. Safi. Mutoto iko na kiu."